Jangwa la Marekani mbele ya kamera: nuru, ruhusa na vitu vya kando ya barabara

Kila mwaka mamilioni ya watu huingia katika majimbo ya Arizona, New Mexico, Utah na Nevada, kusini magharibi mwa Marekani, wakiwa na kamera au simu mkononi. Wengi hurudi na picha zile zile: korongo jekundu, mdungusi uliosimama kama mtu aliyeinua mikono, barabara iliyonyooka mpaka upeo wa macho. Na wengi hurudi wakijiuliza kwa nini picha hizo hazifanani na kile walichokiona kwa macho yao.

Miongoni mwao wako Waafrika Mashariki. Miji ya Phoenix na Tucson imepokea kwa miaka mingi wakimbizi kutoka Congo, Burundi na Somalia, mbali na wanafunzi na wafanyakazi waliotoka Kenya na Tanzania. Kwa familia hizo picha ya jangwani si kumbukumbu ya matembezi peke yake. Ndiyo inayotumwa nyumbani ili bibi aliyebaki Bukavu au Kigoma aone wajukuu wake wanaishi mahali gani, na nyuso zao zikitoka nyeusi tii mbele ya mchanga mweupe, bibi hakuona kitu.

Jua lisilofika utosini

Mtu aliyekulia karibu na ikweta amezoea jua linalochomoza na kutua karibu wima. Baada ya machweo giza hutanda ndani ya nusu saa, na mpiga picha wa Mombasa au Bujumbura anajua kwamba nuru nzuri ya jioni ni ya kukimbiliwa.

Phoenix iko kiasi cha nyuzi 33 kaskazini mwa ikweta, na mpaka wa Arizona na Utah uko nyuzi 37. Huko jua halifiki utosini hata mwezi Juni. Saa sita mchana daima huwa upande wa kusini, na jioni hushuka kwa mshazari, taratibu. Nuru ya dhahabu hudumu zaidi, na mwangaza wa samawati unaofuata machweo hudumu zaidi pia. Tofauti ya misimu nayo ni kubwa: mchana wa Juni huzidi saa 14, ule wa Desemba huwa karibu saa 10 tu.

Rangi nyekundu ya mawe ya eneo hilo inatokana na chuma kilichopata kutu ndani ya mchanga ulioganda kuwa mwamba. Wakati wa mchana wa kiangazi rangi hiyo hupauka na mwamba huonekana bapa, kwa kuwa vivuli vimejificha chini ya vitu vyenyewe. Asubuhi na jioni mwanga wa jua hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kufika, rangi ya samawati hutawanyika njiani na nyekundu hubaki. Kisha nyekundu hiyo huangukia jiwe ambalo tayari ni jekundu. Ndiyo siri ya zile picha ambazo watu hudhani zimetiwa rangi kwa kompyuta, ingawa zipo nyingi zilizotiwa kweli.

Kwa sababu hiyo wapiga picha wengi wenye uzoefu huupenda msimu wa baridi, ambapo jua hubaki chini siku nzima na vivuli huwa virefu hata adhuhuri. Wakati mwingine theluji huanguka juu ya mawe mekundu, jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii jangwani.

Katika bonde la Monument Valley, mpakani mwa Arizona na Utah, kuna miamba miwili mikubwa inayofanana na glavu zenye dole gumba moja moja. Mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba, jua linapotua, kivuli cha mwamba wa magharibi huuangukia ule wa mashariki. Ni siku chache tu kila mara, na watu husafiri kutoka mbali kuja kusubiri dakika hizo.

Wanaosafiri kwa ajili ya dakika hizo wajihadhari na saa. Sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele wakati wa kiangazi, lakini Arizona imekataa kufanya hivyo tangu 1968. Taifa la Navajo, ambalo sehemu yake kubwa iko ndani ya Arizona, linasogeza. Ardhi ya Wahopi, iliyozungukwa pande zote na ile ya Wanavajo, haisogezi. Dereva anaweza kuvuka saa moja kwenda na kurudi mara kadhaa katika safari ya asubuhi moja, huku simu yake ikibadili saa kwa kufuata mnara ulio karibu.

Mchanga mweupe, uso mweusi

White Sands, katika jimbo la New Mexico, ni vilima vya mchanga vilivyotandaa zaidi ya kilomita 700 za mraba. Eneo hilo lilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Mchanga wake ni jasi, ile ile inayotengenezewa chokaa ya kupaka darini, na kwa kuwa haushiki joto kama mchanga wa kawaida, watoto huweza kukimbia peku hata wakati wa kiangazi. Hifadhi imepakana na uwanja wa jeshi wa kujaribia makombora, na mara kwa mara barabara hufungwa kwa saa kadhaa majaribio yanapofanyika.

Kamera nyingi hushindwa mahali hapo. Chombo cha kupimia mwanga ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimeundwa kudhani kwamba kila mandhari, ukiyachanganya yote, yana wastani wa rangi ya kijivu. Kikikutana na weupe mtupu hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na mchanga hutoka wa kijivu kama majivu. Mtu mwenye ngozi nyeusi aliyesimama mbele ya mchanga huo huadhibiwa mara mbili: mandhari yamepunguzwa mwanga, na uso wake, uliohitaji mwanga zaidi, umepunguzwa pamoja nayo.

Tatizo hilo lina historia. Katika zama za filamu, maabara nyingi za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za mfano zenye picha ya mwanamke wa kizungu. Ngozi nyeusi ilitoka vyovyote ilivyotoka. Simu za siku hizi hutambua uso na kujaribu kurekebisha, na zimeendelea sana, lakini mbele ya mchanga unaong'aa bado hubabaika.

Tiba yake si ghali. Kwenye simu, mpigaji huugusa uso wa mtu katika kioo, kisha hupandisha mwanga mpaka ngozi ionekane kama ilivyo. Kwenye kamera kubwa huongeza mwanga kwa hatua moja hadi mbili juu ya kipimo. Mchanga ukipoteza alama zake kidogo nyuma ya mtu, hakuna atakayelalamika. Jioni, jua likiwa chini, anayepigwa picha aligeukie. Jasi yenyewe husaidia, maana hurudisha mwanga kutoka chini na kuondoa vivuli vizito chini ya nyusi na kidevu. Studio nyingi za mjini hununua vitambaa vyeupe kwa kazi hiyo hiyo.

Joto ni jambo jingine. Mwaka 2023 mji wa Phoenix ulipitisha siku 31 mfululizo ambazo kipimo kilifika nyuzi 43 au zaidi. Simu nyingi zimetengenezwa kufanya kazi katika hewa isiyozidi nyuzi 35, na ikiachwa juani juu ya dashibodi ya gari hujizima yenyewe. Mwenye simu hana kitufe cha kujizima, na kila kiangazi walinzi wa hifadhi huokoa watu waliotoka garini kwa picha moja tu, bila maji.

Vumbi lenye jina la Kiarabu

Kati ya Juni na Septemba mvua za radi huzuka jangwani, na upepo unaozitangulia huweza kunyanyua ukuta wa vumbi wenye urefu wa mamia ya mita. Watabiri wa hali ya hewa wa Arizona huuita habub, neno la Kiarabu lililozoeleka kutoka Sudan. Tarehe 5 Julai 2011 ukuta wa namna hiyo uliimeza Phoenix, na picha zake zilienea dunia nzima. Siku chache baadaye baadhi ya wakazi waliandika magazetini wakilalamika kwamba watangazaji wanatumia neno la Waarabu kwa vumbi la Wamarekani. Vumbi halikujali.

Picha bora za habub hupigwa kutoka mbali, mahali pa juu, ukuta ukiwa bado unakuja. Ukishafika hakuna picha, kuna ajali. Maafisa wa barabara wa Arizona huwaagiza madereva watoke kabisa nje ya barabara, wazime taa zote na waondoe mguu kwenye breki. Agizo la kuzima taa huwashangaza wageni, lakini lina sababu: dereva wa nyuma asiyeona kitu hufuata taa zilizo mbele akidhani gari linaendelea na safari.

Maji yaliyonyesha kwingine

Karibu na mji mdogo wa Page, kaskazini mwa Arizona, ziko nyufa nyembamba ardhini ziitwazo Antelope Canyon. Ukitazama kutoka juu huoni zaidi ya ufa. Ndani, kuta za mwamba zimechongwa na maji zikawa kama kitambaa kinachopepea. Kiangazi, karibu na saa sita mchana, miale ya jua hupenya kutoka juu na kusimama kama nguzo. Kwa kweli kinachoonekana pichani ni vumbi: mwongozaji hurusha konzi ya mchanga hewani ili mwale upate kitu cha kuangazia.

Mwaka 2014 mpiga picha Peter Lik alitangaza kwamba picha yake ya mwale mmoja wa humo imenunuliwa kwa dola milioni 6.5. Mnunuzi hakutajwa jina, na wapo waliotilia shaka bei hiyo. Hata hivyo foleni za watalii ziliendelea kurefuka.

Jina la Kinavajo la korongo la juu, Tsé bighánílíní, maana yake ni mahali maji yanapopita katikati ya miamba. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa katika korongo la chini. Pale walipokuwa mvua haikuwa kubwa. Iliyowaua ilinyesha kilomita kadhaa juu ya mkondo, mahali wasipopaona, na maji yalipofika yalijaza ufa ule kwa muda mfupi kuliko wa kupanda ngazi. Tangu wakati huo hakuna anayeruhusiwa kuingia bila mwongozaji. Anayepanga kwenda katika makorongo mengine ya namna hiyo, ambayo hayana mlinzi wala tiketi, hana budi kuuliza utabiri wa hali ya hewa wa eneo lote linalomwaga maji humo, si wa mahali anapoegesha gari.

Si kila kilicho wazi ni cha kupigwa picha

Antelope Canyon na Monument Valley si hifadhi za serikali ya Marekani. Ni mali ya Taifa la Navajo, lenye watu karibu 400,000 walioandikishwa na ardhi ya zaidi ya kilomita za mraba 70,000, ambalo liliifanya Monument Valley kuwa hifadhi yake mwaka 1958. Kiingilio hulipwa kwa Wanavajo, na sheria ni zao. Droni zimepigwa marufuku. Mtu hapigwi picha kabla ya kuombwa ruhusa, nyumba yake vivyo hivyo, na ni jambo la kawaida kutoa kiasi fulani cha fedha anapokubali.

Kwa Wahopi katazo ni zito zaidi. Ndani ya vijiji vyao hairuhusiwi kupiga picha, kurekodi sauti, wala hata kuchora kwa penseli. Watu wengine huona ni ukali usio na sababu. Sababu ipo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, wapiga picha walijazana katika ngoma zao za ibada, wakisukumana na kupanga vyombo vyao katikati ya waumini, kisha picha za mambo matakatifu zikauzwa kama kadi za posta. Wahopi waliomba kwa adabu, hawakusikilizwa, wakafunga mlango.

Msomaji wa Lamu au wa Ngorongoro hahitaji kufafanuliwa sana. Mwanamke aliyepigwa picha na mgeni asiyemsalimu, na mzee wa Kimasai aliyejikuta kwenye jalada la kitabu asichopata kukisoma, wanawaelewa Wahopi bila mkalimani.

Wapo pia wapiga picha walioharibu kile walichokwenda kukipiga. Mwaka 2000 mmoja wao aliwasha moto chini ya tao la mwamba liitwalo Delicate Arch, huko Utah, ili liangaze usiku mbele ya wanafunzi wake. Moto uliacha madoa kwenye jiwe, naye akaadhibiwa na mahakama. Hifadhi za taifa zilipiga marufuku droni mwaka 2014. Mahali paitwapo The Wave, mpakani mwa Utah na Arizona, huingiwa kwa bahati nasibu tu, watu wasiozidi 64 kwa siku.

Kijiji, makaburi, na mwezi

Picha mashuhuri kuliko zote za eneo hilo haina korongo wala mdungusi. Jioni moja mwaka 1941 Ansel Adams alikuwa akiendesha gari kurudi Santa Fe, siku yake ikiwa haikuzaa kitu, alipoona kando ya barabara kijiji cha Hernandez: kanisa dogo, makaburi yenye misalaba myeupe iliyoangazwa na jua la mwisho, na juu yake mwezi umeshatoka. Alisimamisha gari, akasimika kamera yake kubwa, na hakukiona kipima mwanga chake. Akakumbuka kwamba anaujua mwangaza wa mwezi kwa tarakimu, akakokotoa kichwani, akapiga mara moja. Alipojiandaa kupiga ya pili jua lilikuwa limeiacha misalaba.

Adams hakuwa mwangalifu wa tarehe, na kwa miaka mingi picha hiyo ilitajwa kwa miaka tofauti. Mwaka 1991 mwanafalaki Dennis di Cicco alitumia mahali ulipo mwezi pichani kukokotoa wakati: tarehe 1 Novemba 1941, saa kumi na dakika 49 jioni.

Somo ambalo wengi hulipuuza ni kwamba Hernandez kilikuwa kijiji cha kawaida. Wapiga picha wa baadaye walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1963 msanii Ed Ruscha alichapisha kitabu chenye picha za vituo 26 vya petroli vya njiani kati ya Los Angeles na Oklahoma City, bila pambo lolote. Watu walicheka. Leo wanaoipita Route 66 ya zamani, barabara iliyofunguliwa 1926 na kufutwa rasmi katika orodha ya barabara kuu mwaka 1985, hupiga picha hizo hizo: pampu zilizokauka, mabango ya taa za neoni, na hoteli ya Holbrook ambayo vyumba vyake ni mahema ya saruji.

New Mexico ina utajiri wa namna hiyo. Majira ya vuli pilipili nyekundu zilizotungwa kama shada huning'inizwa milangoni zikauke. Kanisa la San Francisco de Asis, katika kijiji cha Ranchos de Taos, limejengwa kwa matofali mabichi, na mgongo wake mnene umevutia wachoraji na wapiga picha kuliko mlango wake. Kila mwaka waumini hulikandika upya kwa udongo na majani makavu. Miaka ya 1960 walijaribu saruji ili wapumzike. Saruji ikafungia unyevu ndani ya kuta, udongo ukaanza kuoza, na baada ya miaka kadhaa wakaibandua. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, waliokwisha kuona saruji ikiharibu kuta za mawe na chokaa, wangeweza kuwaambia mapema. Anayefika wakati wa kukandika atapata picha ambazo kanisa tupu haliwezi kumpa, mradi aombe kwanza, na pengine ashike ndoo.

Magharibi mwa Arizona, katika mji wa Quartzsite ulio kando ya barabara kuu inayokwenda California, liko kaburi ambalo wasafiri wengi hulipita bila kujua. Ni piramidi ndogo ya mawe ya mahali hapo, na juu yake ngamia wa chuma. Aliyezikwa hapo ni Haji Ali, mtunza ngamia kutoka dola ya Uthmaniya. Alifika Marekani mwaka 1856, jeshi lilipokuwa likijaribu kutumia ngamia kubebea mizigo jangwani. Mwaka uliofuata ngamia hao walisaidia kupima njia kuelekea California, njia ambayo sehemu zake zilikuja kufuatwa na Route 66. Mpango ulikufa, ngamia wengine wakauzwa na wengine wakaachwa porini, na Haji Ali akabaki Arizona mpaka alipofariki mwaka 1902. Piramidi ilijengwa miaka ya 1930. Maandishi ya juu ya kaburi yanamtaja kwa jina la Hi Jolly, jinsi masikio ya Wamarekani yalivyolipokea jina lake. Jioni, jua likishuka upande wa California, ngamia yule huonekana kama kivuli cheusi juu ya mbingu nyekundu, na hiyo ndiyo saa ambayo wachache wanaomfahamu huegesha magari yao.